Bwana Kiboko Adai Mtoto Shambani kwa Bi Kindi

Hadithi! Hadithi!

— Ije, ikae, ipewe kigoda!

Na uwongo wake?

— Uje nao, tutaupepeta!

Na utamu?

— Usimwagike njiani!

Haya, mmeitika vizuri, isipokuwa Siwema. Siwema anaitika amefumba mdomo kama kaficha karanga. Pukuchua mahindi, mwanangu, pukuchua! Mikono ifanye kazi, masikio niachieni mimi. Najua mtaniambia hadithi haisimuliwi mchana, eti msimuliaji ataota mkia. Kwa umri wangu huu mkia utanifaa, nitafukuzia nzi. Tulieni basi.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana mahindi yalishakuwapo, kulikuwa na bonde la mto Kitukutu. Wanyama wa bonde lile walikuwa wakulima. Ndiyo, wakulima. Usinitazame hivyo, Zamoyoni, hadithi ni yangu. Swala alilima. Ngiri alilima. Nungunungu alilima. Nyani naye alilima, ingawa alikula kuliko alivyovuna. Kila nyumba ilikuwa na mbegu yake, na kila mbegu ilikuwa na jina.

Na desturi yao ilikuwa hivi. Ukishavuna, unachagua mahindi mazuri kuliko yote, unayafunga mawili mawili kwa maganda yake, unayatundika juu ya jiko. Moshi unapanda, fuu, fuu, fuu, wadudu wanakimbia, na mbegu inakaa mpaka mvua. Jirani akikosa mbegu anakuja na mikono miwili mitupu, anaikusanya hivi, anasema, "Nijazie." Unamjazia. Hulipwi. Yeye akishavuna, atamjazia mwingine atakayekuja na mikono yake mitupu. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa katika bonde lile aliishi Bi Kindi. Mwenyewe mdogo, mkia mkubwa kuliko yeye, na mdomo mkubwa kuliko mkia. Mahindi yake yaliitwa Jino la Bibi. Mafupi, manene, punje moja nyeupe, moja nyekundu, moja nyeusi, na hapa na pale pengo. Si mazuri ya kutazama! Lakini mvua ikichelewa yanangoja, na jua likizidi yanavumilia. Mama yake Bi Kindi aliyaleta mwaka wa moto mkubwa. Aliacha vyungu, aliacha mikeka, akakimbia na punje saba mashavuni, mashavu yamevimba hivi, hata kulia hakuweza kulia. Alipofika Kitukutu akazitema, akazihesabu, zikawa saba. Ndipo akalia.

Basi siku moja asubuhi, ardhi ikatikisika.

Ndi! Ndi! Ndi!

"Nani huyo?" akauliza Swala.

Ndi! Ndi! Ndi!

Alikuwa Bwana Kiboko, katoka mtoni, tumbo mbele, shingoni kafunga tai. Na mgongoni kwake kasimama Kasuku, msemaji wake. Zamani Kiboko alikuwa akiingia mashambani anakula na kukanyaga, watu wanampigia madebe, anakimbia. Sasa kazeeka kidogo, kachoka kukimbizwa, kagundua njia nyingine ya kula.

"Wakulima wenzangu!" akasema Kiboko.

"Wenzangu!" akadakia Kasuku.

"Mwenzake nani?" akanong'ona Nungunungu.

Kiboko akafungua gunia. Lo! Mbegu zimepakwa rangi nyekundu, zinang'aa kama shanga. "Mbegu hii nimeitengeneza mimi," akasema. "Hindi lake ni refu kama mkono wa Nyani. Mdudu akiliuma, anakufa yeye."

"Anakufa yeye!" akasema Kasuku.

"Pandeni. Mkivuna, vikapu kumi, vitatu vyangu. Ni hayo tu."

"Ni hayo tu!"

Bi Kindi akapanda juu ya kisiki ili aonekane. Chku-chku-chku! "Mjomba Kiboko, samahani. Nikivuna, naweza kutundika ya mwakani juu ya jiko?"

Kiboko akacheka, fuuu, mpaka matope yakaruka. "Ya nini kujisumbua na moshi, mama? Mwakani mimi nitakuwepo."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi mimi nitasubiri nione hivyo utakavyokuwepo," akasema Bi Kindi, akashuka, akaenda zake.

Wenzake wakamcheka. Wakaja na kwato zao na kucha zao, wakabonyeza kwenye karatasi ya Kiboko, pwata, pwata, pwata. Hakuna aliyeisoma. Aliyejua kusoma ni Kasuku, na Kasuku alisoma pale tu alipoambiwa.

Mwaka wa kwanza, jamani, yalizaa! Msije mkasema Bibi ni mwongo. Yalizaa haswa. Mahindi marefu, ya njano, yamepangana meno yote, hakuna pengo. Ngiri alicheza ngoma peke yake shambani. Wakamwambia Bi Kindi, "Wewe na vijino vyako!" Wakatazama juu ya majiko yao, wakaona zile mbegu za zamani zimejaa masizi, wakaona aibu. Swala akazishusha, akazipika uji. Nungunungu akazishusha, akazikaanga bisi. Nyani hakushusha, yake alishaila zamani. Majiko yote ya bonde yakabaki matupu juu, isipokuwa jiko moja.

Mwaka wa pili, Kiboko akaja. Ndi! Ndi! Ndi! "Vikapu vitatu." Akapewa. "Na mbegu mpya hii hapa. Na mwaka huu inataka na dawa yake, na dawa ninayo mimi. Kwa hiyo vikapu vinne."

"Vinne!" akasema Kasuku.

Mwaka wa tatu, mvua ikachelewa. Mahindi ya Kiboko yakainuka, yakatazama jua, yakakunja majani. Yakatoa vihindi kama kidole changu hiki. Ngiri alivuna vikapu vitano. Vitano tu, na watoto anao wanane.

Kiboko akaja. Ndi! Ndi! Ndi! "Vikapu vinne."

"Bwana mkubwa," akasema Ngiri, "ulisema katika kumi, nami nimepata vitano."

"Basi una bahati, umebakiwa na kimoja."

Ngiri akatoa vinne. Watoto wake wakachimba mizizi ya porini mwezi mzima, yule wa mwisho akawa mwepesi hata mama yake akaogopa kumbeba mahali penye upepo. Hapo ndipo Ngiri alipojaribu kuficha punje chache za kupanda. Kasuku akaziona zinaota. Kiboko akaja akazing'oa moja moja kwa meno, akasema, "Karatasi inakataza." Ngiri akasimama pale anahesabu mashimo. Mimi hapa huwa naona hasira kila nikifika, na nimeisimulia mara mia. Zamoyoni, nipe maji.

Ahsante.

Sasa kukawa na mwendo wa chini kwa chini. Swala akapita uani kwa Bi Kindi, mikono miwili kaikusanya. "Mama Kindi, nijazie."

"Ala! Wewe si ndiye uliyeniambia na vijino vyangu?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Bi Kindi akamjazia. Akaja Nungunungu, "Mama Kindi, nijazie." Akasemwa kidogo, akajaziwa. Akaja Ngiri, mikono kaikusanya, alishindwa hata kuinua uso. Huyo Bi Kindi hakumsema. Alimjazia mara mbili, akampa na hindi bichi la watoto. Mahindi yaliyokuwa juu ya jiko yakapungua, yakapungua, yakabaki mafungu manne.

Kasuku si huyo? Akaona, akaruka, akasema.

Bi Kindi alikuwa shambani anavunja mahindi aliposikia. Ndi! Ndi! Ndi! Kiboko akaingia bila hodi, akakanyaga mistari miwili, akachuma hindi moja akalimenya, krrrap. Akachuma la pili, krrrap. La tatu. La saba. Kwenye lile la saba akatulia. Katikati ya vijino vyekundu na vyeusi kulikuwa na punje kumi na mbili za njano, kubwa, zimejipanga meno yote.

Mnajua zilitoka wapi? Mnajua ninyi nyote, mmelima. Shamba la Ngiri lilikuwa upande unakotoka upepo. Mbelewele zikichanua, ule unga wake unaruka, huu, huu, huu, unatua kwenye nywele za mahindi ya jirani. Upepo haujui mpaka. Haukuomba ruhusa kwa Bi Kindi, wala yeye hakuuita.

"Huyu ni mtoto wangu!" Kiboko akanguruma.

"Mtoto wake!" akasema Kasuku.

"Mjomba, huo ni upepo tu..."

"Sura yangu siijui? Mtoto wangu yumo shambani kwako, kwa hiyo shamba ni langu. Na mbegu zilizoko juu ya jiko lako, nani ajuaye ndani yake yumo nani? Zangu pia. Keshokutwa baraza likikaa nitasema mbele ya watu, kisha nitakuja kuchukua vyote." Akageuka, akakanyaga mistari mingine mitatu, akaenda.

Bi Kindi akaingia ndani. Akatazama juu. Mafungu manne kwenye moshi. Yakichukuliwa hayo, na yale aliyowajazia majirani yakifuatwa, hakuna tena bondeni mbegu isiyo ya Kiboko. Ngiri ataomba wapi? Watoto wa Swala watapanda nini? Akamkumbuka mama yake na mashavu yaliyovimba. Akakaa chini karibu na mafiga, akalia. Akalia kwa sauti, mkia kajifunika uso, akalia mpaka moto ukazimika. Naam, mjanja naye hulia. Mnadhani ujanja unaletwa na kicheko?

Alipomaliza, akafuta pua. Akawasha moto upya. Akasema peke yake, "Mtoto, ee? Kasema mtoto." Akarudia, "Mtoto." Kisha akatengeneza uji, akanywa, akalala vizuri.

Siku ya baraza wote walikusanyika uwanja wa kupuria mahindi. Mwenyekiti alikuwa Bi Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, mkali wa desturi. Bi Korongo ndiye aliyesuluhisha mambo ya ndoa na watoto bonde zima. Alijua nani kamwoa nani, nani kamwacha nani, na nani anafanana na nani.

"Bwana Kiboko, sema," akasema Bi Korongo.

Kiboko akainua lile hindi. "Mtoto wangu, nimemkuta kwa huyu."

"Bi Kindi, jibu."

Watu wote wakasogea karibu. Walijua Bi Kindi na mdomo wake. Walingoja abishe, atukane, aruke juu ya kisiki. Bi Kindi akaja mbele taratibu, akainamisha kichwa.

"Bi Korongo, ni kweli. Ni mtoto wake."

"Aaaah!" wakaguna watu. Nungunungu akasimamisha miiba kwa hasira. Ngiri akafumba macho.

"Nimemtazama sana," akasema Bi Kindi. "Paji la uso ni lake. Meno ni yake. Nikasema huyu hawezi kuwa mtoto wa upepo, lazima ana baba. Mjomba Kiboko, huyu ni damu yako?"

"Damu yangu!" akasema Kiboko, kifua mbele.

"Damu yake!" akasema Kasuku.

"Hata watu wakikukatalia?"

"Hata wakikataa! Ni wangu!"

"Wake!"

"Maskini, baba mwenye uchungu," akasema Bi Kindi. "Lakini mjomba, mbona unaonewa? Mtoto wako si huyu mmoja. Nilipita kwa Swala jana, nikaona anayefanana nawe."

Macho ya Kiboko yakawaka. "Wa kwa Swala ni wangu!"

"Wake!"

"Na kwa Nungunungu, pale karibu na choo?"

"Wangu!"

"Wake!"

"Na kwa Nyani? Na kwa Pimbi? Na kwa Bata Mzinga kule juu?"

"Wangu, wangu, wangu! Kila nyumba yenye hindi lenye sura yangu, huyo ni mwanangu, popote upepo ulipofika!"

"Wake, wake, wake!" Kasuku alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Popote upepo ulipofika!"

"Wote mmesikia?" akauliza Bi Kindi.

"Tumesikia," wakasema watu, wengine wakilia. Nyumba ishirini na mbili zilikuwa zimekwisha hivyo.

Bi Kindi akageuka. "Bi Korongo, mimi ni mjinga wa mambo ya wakubwa. Nikumbushe. Baba akija nyumbani kwa watu, akamkuta mtoto analelewa pale, akasema huyu ni wangu, desturi yetu inasemaje?"

Bi Korongo akanyoosha shingo. Akanyoosha tena. Kitu kama tabasamu kikapita kwenye mdomo wake, kikaondoka upesi.

"Baba ana haki ya mtoto wake," akasema.

"Ndiyo!" akasema Kiboko.

"Ila kwanza analipa malezi. Kwa kila siku aliyolelewa mtoto, naye afanye kazi siku moja katika nyumba ile ile, kazi ile ile. Kwa mkono wake, maana mlezi naye alitumia mkono wake. Akimaliza, achukue mtoto, hakuna wa kumzuia. Akikataa, amemkana. Akianza akaacha njiani, amemkana. Na baba aliyemkana mtoto hatamki tena neno 'wangu' katika bonde hili."

Kisha Nyani akacheka, khe! Akazibwa mdomo.

"Malezi?" akasema Kiboko. "Hili ni hindi!"

"Ulisema ni mtoto," akasema Bi Korongo.

"Damu yake!" akasema Kasuku, kwa mazoea. Kiboko akamtazama vibaya.

"Basi namdai wa kwa Kindi peke yake. Hao wengine waacheni."

"Heee!" wanawake wote wakapiga makofi. "Wa huku unamtaka, wa kule unamkana? Baba gani huyo?"

"Ukimkana mmoja mbele ya baraza umewakana wote," akasema Bi Korongo. "Bi Kindi, malezi yalikuwa siku ngapi?"

"Siku nne za kufyeka," akasema Bi Kindi, anahesabu kwa vidole. "Siku sita za kulima. Siku mbili za kupanda. Palizi ya kwanza, palizi ya pili. Kulinda ndege siku arobaini, toka jua linachomoza mpaka linazama, maana ndege hawana mapumziko. Na kabla ya hapo mama yake alikaa juu ya jiko langu, kila siku nawasha moshi, napikika mimi mwenyewe na kukohoa. Tuweke siku mia na themanini, kwa kumwonea huruma."

"Mara nyumba ishirini na mbili," akasema Bi Korongo. Akahesabu kwa vidole vya miguu, maana hana vingine. "Ni kama miaka kumi na moja. Nikikosea, nimepunguza."

Kiboko akatoa jasho. Akamwangalia Kasuku. "Kasuku atalima kwa niaba yangu."

"Mimi nilisema tu!" akasema Kasuku. Hilo lilikuwa neno lake mwenyewe la kwanza mbele za watu tangu azaliwe.

Kiboko angeweza kuondoka pale pale. Lakini tamaa, jamani! Mashamba ishirini na mawili aliyaona mbele ya macho. Akawaza, nitalima siku tatu nne, watachoka kunitazama, watanionea haya, wataniachia. Akasema, "Leteni jembe."

Wakamletea. Jembe la Bi Kindi, mpini mfupi kama mwiko. Kiboko akainama. Tumbo likagusa ardhi kabla ya jembe. Akapiga, ka! Akapumua, fuuu. Akapiga, ka! Akapumua, fuuu, fuuu.

"Polepole, mjomba," akasema Bi Kindi, kakaa kivulini anamenya karanga. "Unamkanyaga mtoto."

Ka! Fuuu.

"Hapo umeacha nyasi. Mtoto ataumwa."

Sasa ninyi mnajua Kiboko ni mtu wa maji. Ngozi yake haitaki jua. Jua likapanda, saa tatu, saa nne, ngozi ikaanza kukaza. Saa tano ikaanza kupasuka, krik, krik. Saa sita jasho jekundu likamtoka mwili mzima. Akasema, "Naenda mtoni kidogo tu."

"Nenda, mjomba. Ila ndege hawa watakula watoto. Mlezi hakuwahi kwenda mtoni."

Akabaki. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili ikawa ya kulinda ndege. Alisimama katikati ya shamba anatikisa debe, ngo, ngo, ngo, anapiga kelele, "Huuu! Huuu!" Ndege wenyewe walikuwa hawajapata kuona kitu kama kile. Walikuja kutoka bonde la jirani ili watazame. Tai yake ilikuwa imelegea, mwenyewe mwekundu toka masikio hadi mkiani. Watoto wa Ngiri wakakaa kwenye mstari, wote wanane, wakala makande wanamtazama.

Jioni ile akaja kwa Swala, maana nyumba nazo ni zamu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hivi kila mwaka mnafanya hivi?"

"Kila mwaka, Bwana mkubwa."

"Na vile vikapu vinne vilitoka humu?"

"Humu humu."

Kiboko akanyamaza. Sitaki kusema alitubu, sijaona kiboko aliyetubu. Nasema alinyamaza tu.

Siku ya tatu, saa nne na nusu, palizi. Akapiga jembe, ka! Akapiga, ka! Akatazama mto. Akapiga, ka! Akatazama mto. Mara akalitupa jembe, tai akaitupa, akakimbia, ndi-ndi-ndi-ndi-ndi, akavunja ua wa Nyani, akapita katikati ya uwanja wa baraza, chubwiii! Maji yakaruka mpaka miti ikalowa. Yakabaki masikio mawili tu juu ya maji.

Bi Korongo akaja kando ya mto kwa hatua zake ndefu. "Bwana Kiboko, watoto hawa ni wa nani?"

Masikio yakatikisika. Kutoka chini ya maji ikatoka sauti, blu, blu, blu. "Siwajui."

"Siwajui!" akasema Kasuku juu ya tawi. Safari hii watu wote waliitikia pamoja naye.

Ikabaki kazi moja. Swala akauliza, "Mama Kindi, na hawa walioachwa na baba yao? Hizi punje za njano tuzifanyeje?"

"Watoto hawana kosa," akasema Bi Kindi. "Tieni sufuriani." Wakazichambua punje moja moja, wakachanganya na maharage, wakapika makande, wakala. Mwaka uliofuata likaonekana hindi jingine lenye meno ya njano, wakachambua tena, wakala tena. Na mwaka uliofuata tena. Upepo ule bado ni ule ule, sitawadanganya. Na Ngiri mpaka leo akikaa huyasifu yale mavuno ya mwaka wa kwanza, na mkewe humwambia anyamaze ale.

Bi Kindi akashusha yale mafungu manne. Akakaa kizingitini, nyumba ishirini na moja zikapanga mstari, mikono miwili miwili mitupu. "Nijazie." Akajaza. "Nijazie." Akajaza. Hata Nyani akajaziwa, akaapa hatakula, na kweli hakula nusu yake. Juu ya jiko la Bi Kindi likabaki hindi moja tu, linaning'inia kwenye moshi. Jirani mmoja akamwambia, "Umejimaliza, mama." Bi Kindi akamwonyesha bonde lote, moshi unapanda juu ya nyumba ishirini na mbili. "Zamani angekuja kwangu tu, akachukua, ikawa basi," akasema. "Sasa aje. Aanze nyumba gani?"

Hapo ndipo nilipowaacha, mimi nikaja zangu kupukuchua na ninyi.

Sasa funzo, maana najua mnalingoja. Funzo ni hili: muwe na adabu. Msibishane na wakubwa! Mkubwa akija akasema kitu chako ni chake, usipige kelele, usimkatalie mbele za watu, si vizuri. Mwambie ndiyo, Bwana mkubwa, ni chako, na cha jirani ni chako, na cha kule ng'ambo pia. Mkubalie yote, mpaka amalize.

Kisha mpe jembe.

Hadithi yangu nimeitua chini. Iliyo tamu, ifungeni kwenye pindo la kanga mwende nayo. Iliyo chachu, niachieni, nitaipikia. Mmeridhika?

— Tumeridhika, Bibi!

Na wewe, Siwema?